Kuanua Kahawa Kabla ya Mvua: Mwongozo Kamili wa Kuchora Mandhari ya Shambani kutoka Kumbukumbu za Utotoni

Mtu aliyelelewa shambani haijui ardhi kwa namna ambayo mgeni anaijua. Mgeni husimama juu ya kilima, akalitazama bonde, akapiga picha na kuondoka. Mtoto wa shamba aliijua ardhi hiyohiyo kupitia kazi alizotumwa: alijua njia ya kisimani huteleza wapi baada ya mvua, ni mgomba upi uliotiwa mhimili ili usianguke na mkungu wake, na ni upande gani wa uwanja unaotangulia kupata jua la asubuhi. Mwongozo huu umejengwa juu ya jambo hilo moja. Mandhari ya shambani yanayotokana na kumbukumbu za utotoni hupata nguvu pale mchoraji anapochagua kazi moja aliyoifanya akiwa mtoto, akaliweka jicho lake pale alipokuwa amesimama, kisha akaiacha kazi hiyo ipange vilima, miti, njia na mwanga.

Nitafuata picha moja tangu mwanzo hadi mwisho ili maelezo yasielee hewani. Ni uwanja wa nyumba ya mkulima katika Buganda, katikati ya Uganda. Kahawa ya robusta imeanikwa juu ya mikeka na maturubai, wingu zito linapanda nyuma ya kilima cha ng'ambo, na watoto wameitwa mbio waje kuianua. Msomaji aliyekulia sehemu nyingine za nchi, kama Teso, Kigezi, Ankole au West Nile, atabadilisha kazi na mazao, na nitagusia tofauti hizo mbele kidogo.

Chagua kazi moja, msimu mmoja na saa moja

Wengi huanza kwa kutaka kuchora "kijiji chetu", na turubai ya kuchorea hujaa nyumba, ng'ombe, migomba, mlima na jua linalozama, vyote vikigombea nafasi. Kijiji kizima hakienei ndani ya picha moja, lakini kazi moja huenea. Chukua karatasi uandike kazi ulizotumwa ulipokuwa na umri wa kati ya miaka 5 na 12: kuchota maji, kufukuza ndege kwenye ulezi, kuchunga mbuzi, kumenya matooke, kubeba mbegu za viazi vitamu, kuanika kahawa. Kando ya kila kazi andika ilikuwa saa ngapi, hali ya hewa ilikuwaje, na kitu gani ulikigusa kwa mkono wako. Kazi inayokupa majibu yote matatu bila kujikuna kichwa ndiyo ya kuanza nayo.

Msimu una uzito kuliko watu wanavyodhani. Kusini mwa Uganda mvua huja mara mbili kwa mwaka, takriban kuanzia Machi hadi Mei na tena kuanzia Septemba hadi Novemba, ilhali sehemu kubwa ya kaskazini ina msimu mmoja mrefu wa mvua kuanzia Aprili hadi Oktoba. Baada ya mvua hewa huwa safi, na vilima vya mbali huonyesha kingo kali na rangi ya samawati iliyokolea. Mwezi wa Januari na Februari vumbi na moshi wa nyasi zinazochomwa huigeuza hewa kuwa ya kijivu chenye ukahawia, na vilima vilevile hufifia hadi vikakaribia kupotea. Mchoraji asiyeamua msimu huishia kuchanganya hewa ya Aprili na nyasi za Februari, na mkulima yeyote atakayeitazama picha hiyo atahisi kwamba kuna jambo halikukaa sawa hata kama hataweza kulitaja.

Kuhusu saa, kumbuka kwamba tuko juu ya ikweta, ambayo hukatiza barabara ya Masaka pale Kayabwe. Saa sita mchana jua huwa karibu utosini, vivuli hujikusanya chini ya miti, na ardhi huonekana bapa isiyo na umbo. Kwa kuwa jua hupanda na kushuka karibu wima, mwanga wa chini wenye rangi ya dhahabu haudumu. Kati ya saa moja na saa tatu asubuhi, na tena baada ya saa kumi jioni, vivuli huwa virefu na kila tuta na kila mfereji huonekana. Kwa picha yetu nachagua saa kumi alasiri: jua bado linaupiga uwanja kutoka upande mmoja huku anga ya nyuma imekwisha kuwa nyeusi.

Chora kwanza bila kutazama chochote

Kabla hujafungua simu kutafuta picha za zamani, kaa mahali patulivu, fumba macho, na uisimulie kazi hiyo kwa sauti kana kwamba unamweleza mtu ambaye hajawahi kufika kwenu. Kisha fumbua macho uchore kwa mkaa au penseli yale tu uliyoyaona. Mbinu hii ina mizizi mirefu hapa Uganda. Margaret Trowell, aliyeanza kufundisha sanaa mjini Kampala mwaka 1937 na ambaye shule ya sanaa ya chuo cha Makerere ilipewa jina lake, alikuwa akiwasimulia wanafunzi tukio kwa maneno ili walione kwanza kwa jicho la ndani kabla ya kushika brashi. Mwanafunzi wake Sam Ntiro, aliyezaliwa mwaka 1923 kwenye miteremko ya Kilimanjaro, alifundisha Makerere, akasoma katika shule ya sanaa ya Slade mjini London, na baada ya uhuru wa mwaka 1961 akawa balozi wa Tanganyika nchini Uingereza. Hata hivyo, picha zake ziliendelea kurudi kwenye migomba, mashamba na shughuli za kijijini alikokulia. Picha yake ya mwaka 1956 inayoonyesha wanaume wakipeleka pombe ya ndizi kwa bibi harusi usiku imo katika hazina ya Museum of Modern Art mjini New York. Zitazame picha zake kwa makini popote utakapozipata. Watu wake ni wadogo na wamechorwa kwa maumbo sahili, lakini karibu kila mmoja ana kazi anayoifanya, na ardhi imepangwa kufuata shughuli zao wala haikufuata kanuni za kamera.

Baada ya mchoro wa kwanza, chora ramani ya boma lenu kana kwamba unalitazama kutoka angani: nyumba, jiko la nje, choo, mahali pa kuanikia, zizi, njia ya kisimani, mpaka wa shamba la jirani. Ramani hiyo itafichua mambo ambayo mchoro wa kawaida huyaficha. Utagundua, kwa mfano, kwamba kahawa ilianikwa mbele ya nyumba kwa sababu hapo ndipo mtu mzima aliyeketi barazani aliweza kuilinda dhidi ya kuku na wezi, na sababu hiyo itakuambia mtu mzima akae wapi ndani ya picha.

Mambo yatakayojitokeza makubwa kupita kiasi usiharakishe kuyasahihisha. Kama mwembe wa nyuma ya nyumba umetokea mkubwa kuliko kilima, uache hivyo kwa sasa, maana huo ukubwa ni taarifa: unaonyesha kitu kilichotawala siku za mtoto.

Jicho la mtoto liko chini

Hatua hii hurukwa na wengi, nami naiona kuwa ndiyo inayotofautisha picha ya kumbukumbu na picha ya mandhari tu. Mstari wa upeo wa macho katika picha yoyote huwa sawasawa na urefu wa jicho la anayetazama. Mtoto wa miaka saba ana jicho lililo kwenye urefu wa mita moja na kidogo, wakati jicho la mtu mzima liko kwenye mita moja na nusu au zaidi. Kwenye uwanja tambarare tofauti hiyo hubadilisha kila kitu. Vichwa vya watu wazima wote, walio karibu na walio mbali, hupanda juu ya mstari wa upeo. Mgongo wa ng'ombe huukata mstari huo. Mahindi yaliyokomaa huwa ukuta, na majani ya mgomba huwa dari.

Chora basi mstari wa upeo kwanza, kwa wepesi, halafu ujiulize kila kitu unachokiweka kilifika wapi mwilini mwako wakati ule: gunia la kahawa lilifika kifuani, ndoo ilifika gotini, ukingo wa baraza ulifika kiunoni. Katika picha yetu mstari unapita kwenye usawa wa kifua cha mama aliyeshika gunia. Turubai lenye kahawa, kwa kuwa linatazamwa kutoka chini, linalala kama ukanda mpana na mfupi na halionekani kama mstatili uliosimama. Wanaosahau jambo hili hufanya turubai lionekane limetundikwa ukutani.

Kisha nenda ukaulize

Ukiwa na michoro hiyo mkononi, sasa rudi nyumbani au uwapigie simu waliokuwepo. Swali la jumla huleta jibu la jumla. Ukimuuliza mzee shamba lilikuwaje, atakuambia lilikuwa zuri. Muulize hivi: "Mama, kahawa tulipoianika, gunia tulilitoa wapi, na nani alikuwa akishika mdomo wake?" Hapo utasikia majina, utasikia kwamba mikeka ilikuja kabla ya maturubai, kwamba kahawa ya jirani iliwahi kuchanganyika na yenu, kwamba paa lilikuwa la nyasi hadi mwaka fulani ndipo mabati yakaja. Andika yote, lakini usilazimike kuyatumia yote.

Ukifika shambani, piga picha za simu kwa ajili ya ushahidi wa maumbo: jani linavyochanika, nguzo ya baraza inavyoingia ardhini, mkunjo wa gunia. Usizinakili kwa ajili ya mpangilio wala rangi. Lenzi ya simu ni pana, kwa hiyo huvifanya vilima vya mbali kuwa vidogo kuliko jicho linavyoviona, na mara nyingi huzamisha vivuli kwenye weusi usio na rangi ndani yake.

Wengine kati yetu hawana pa kurudi. Vita vya Luwero vya kati ya mwaka 1981 na 1986, na vile vya kaskazini vilivyoendelea kwa takriban miaka ishirini baada ya hapo, viliwaondoa watu wengi mashambani mwao, na watoto wengi wa Acholi waliyajua maisha ya kambini kabla ya kujua kushika jembe. Kwa mchoraji wa namna hii namna ya kufanya kazi ni ileile, ila ushahidi hukusanywa kwa masimulizi zaidi, na ramani ya boma hupata uzito mkubwa. Penye boma lililohamwa mara nyingi hubaki miembe, mawe ya mafiga na ua wa miti uliozidi kimo chake. Hivyo vyote vinaweza kuchorwa kama vilivyo, bila kulazimisha nyumba irudi. Waombe ruhusa ndugu wanaohusika kabla ya kuonyesha hadharani picha ya mahali pa msiba.

Vifaa vya kutosha bila gharama kubwa

Kwa anayeanza napendekeza rangi za akriliki. Hukauka kwa muda wa dakika chache hadi nusu saa, brashi husafishwa kwa maji, na hazitoi harufu kali ndani ya chumba kidogo. Rangi za mafuta zina utajiri wake, lakini huchukua siku kadhaa kukauka hata juu tu, zinahitaji tapentaini na hewa ya kutosha, na tabaka la juu lazima liwe na mafuta mengi kuliko la chini, la sivyo litapasuka baadaye. Unaweza kupaka rangi ya mafuta juu ya akriliki iliyokauka. Usifanye kinyume chake.

Kitambaa cha amerikani kizito kinafaa. Kifue kwanza kitoe wanga, kikaushe, kisha ukikaze kwenye fremu ya mbao kavu kabisa, iwe ya musizi au ya paina, kwa sababu mbao mbichi zitapinda na kuvuta kona za picha. Paka praima nyeupe, yaani rangi ya msingi ya kutayarisha kitambaa, tabaka mbili au tatu, ukipiga msasa laini kati ya tabaka na tabaka. Kwa picha za mazoezi, rangi nyeupe ya maji ya ukutani iliyochanganywa na gundi nyeupe ya mbao inatosha. Kwa picha unayotaka idumu au uiuze, nunua praima halisi ya wachoraji. Wapo pia wanaochora juu ya kitambaa cha gome la mtuba, na rangi yake ya udongo ulioungua inapatana sana na mandhari yetu. Ukikitumia, kibandike kwanza kwenye plaiwudi kwa gundi ya mbao, maana chenyewe ni chepesi kuchanika.

Rangi sita zinatosha: nyeupe ya titani, manjano ya limau, oka ya manjano (manjano ya udongo), siena iliyochomwa (kahawia nyekundu), nyekundu ya krimsoni, na buluu ya altramarini. Hukuiona kijani humo, na sababu yake nitaieleza. Weusi pia hauhitajiki: altramarini na siena iliyochomwa zikikutana hutoa giza zito lenye uhai, unaloweza kulivuta kuelekea ubaridi au joto kwa kuongeza moja au nyingine. Brashi mbili bapa, moja pana na moja ya wastani, moja ya mviringo yenye ncha, kisu cha paleti na kitambaa kikuukuu cha kufutia vinatosha kumaliza kazi.

Michoro midogo na mpango wa giza na mwanga

Kabla ya kuigusa turubai, chora michoro midogo minne au zaidi, kila mmoja ukiwa na ukubwa wa kiberiti, ukitumia viwango vitatu tu: mwanga, kati na giza. Katika ukubwa huo huwezi kuchora majani wala vidole. Unalazimika kuamua ni wapi penye mwanga mkuu wa picha. Katika picha yetu anga ni giza, ukanda wa migomba ni kati, na uwanja wa udongo ni mwanga. Mpangilio huu ni kinyume cha mandhari mengi, ambapo anga ndiyo huwa na mwanga zaidi, na kinyume hicho ndicho kitakachomfanya mtazamaji ahisi mvua kabla ya kuona tone.

Weka kahawa kwenye theluthi ya chini, migomba upande wa kushoto ikipanda hadi ukingo wa juu, na upande wa kulia uache njia ishuke kuelekea bondeni penye mafunjo. Ng'ambo ya bonde kiko kilima chenye kilele bapa, kama vilima vingi vya Buganda vilivyo. Mtazamaji ataingia kwa kahawa, atafuata mikono ya watoto hadi kwenye gunia, kisha ataiona njia na wingu.

Tabaka la kwanza

Funika turubai yote ya kuchorea kwa siena iliyochomwa iliyoyeyushwa kwa maji mengi, kisha uiache ikauke. Weupe wa praima hudanganya jicho na kufanya kila rangi ionekane nzito kuliko ilivyo, wakati msingi wa udongo unakuwezesha kupima kwa haki, na vipande vyake vitakavyobaki kati ya majani vitaunganisha picha nzima kwa sababu ndiyo rangi ya nchi yenyewe. Hamisha mchoro wako kwa brashi nyembamba, halafu ujaze maeneo makubwa ya giza kwa altramarini na siena. Kutoka hapo fanya kazi ukitokea mbali kuja karibu: anga, kilima, bonde, migomba, uwanja, watu.

Wingu la mvua huchanganywa kwa altramarini, siena kidogo na nyeupe. Tumbo lake la chini huwa bapa na jeusi zaidi. Pembeni mwake, kule mvua ilikoanza kunyesha, vuta brashi kavu kwa kuinamisha mistari ili kilima kififie nyuma ya pazia la maji. Kilima chenyewe kipe buluu na nyeupe pamoja na tone la siena na la manjano, wala usikichoree miti mmojammoja.

Kijani, ambacho ndicho mtihani mkubwa

Nchi yetu ni ya kijani, na kwa hiyo kijani kimoja kutoka kwenye tyubu huiua picha ya Uganda haraka kuliko kosa lolote la mchoro. Kila kijani kichanganywe na wewe mwenyewe. Manjano ya limau na altramarini hutoa kijani kilichotulia. Tone la siena hukiondolea ubichi. Oka badala ya limau hukipeleka kwenye nyasi za kiangazi.

Utazame mgomba kwa karibu. Jani linalotazama anga halina kijani kingi kama unavyodhani, kwa kuwa uso wake unang'aa na kurudisha rangi ya anga: chini ya wingu utaona samawati ya kijivu juu ya kijani. Jani hilohilo likiwa kati yako na jua huwaka manjano yenye ukijani, na hapo usiongeze nyeupe hata kidogo, kwa sababu nyeupe itauzima mwanga unaopenya. Upande wake wa chini una weupe wa nta. Mshipa wa kati ni mpana na umepauka, na upepo huchana jani kuanzia ukingoni kuelekea mshipa huo, ukafanya vitambaa vinavyoning'inia, kila kimoja na pembe yake kwa jua. Kwenye shina utakuta madoa ya zambarau nzito na majani makavu yaliyoshuka. Chini ya migomba inayotunzwa vizuri huoni udongo mwekundu kabisa, maana mkulima ameufunika kwa majani makavu yenye rangi ya kijivu iliyochanganyika na waridi hafifu. Udongo mwekundu uko njiani na uwanjani. Anayechora wekundu chini ya migomba amechora shamba lililotelekezwa.

Mafunjo bondeni yanataka kijani kilichopauka chenye umanjano kwenye vichwa na giza kwenye shina, yapakwe kama ukanda mmoja laini. Kahawa iliyo shambani chini ya migomba ina kijani kizito kinachong'aa, na hicho ndicho kijani cha giza kuliko vyote utakachohitaji.

Uwanja na kahawa

Udongo uliopigwa na jua upake kwa siena, oka na nyeupe. Kivuli juu yake usikipake kwa kuongeza weusi. Ongeza altramarini kwenye siena upate zambarau ya kahawia, nayo itawaka pembeni mwa mwanga. Kwa kuwa anga ni ya kijivu cha buluu, udongo utaonekana mwekundu zaidi kuliko ulivyo kwenye paleti, kwa hiyo punguza kidogo kabla hujajuta.

Kahawa yenyewe ni zawadi kwa mchoraji. Iliyovunwa jana ni nyekundu yenye madoa ya manjano na kijani, ya wiki iliyopita imekuwa hudhurungi, na iliyokaribia kuwa kiboko, yaani kahawa iliyokaushwa pamoja na ganda lake, baada ya wiki mbili au tatu ni nyeusi yenye vumbi. Weka mikeka mitatu ya siku tofauti ubavu kwa ubavu, na sehemu ya mbele ya picha itajipatia ngazi ya rangi isiyohitaji kubuniwa. Usichore punje mojamoja. Paka kwanza eneo zima kwa rangi ya giza, kisha uonyeshe mifuo iliyoachwa na miguu au reki ilipokuwa ikigeuzwa, na mwishowe tia punje chache zilizo wazi kwenye ukingo wa mkeka na zilizotawanyika kwenye udongo. Macho ya mtazamaji yatazijaza zilizobaki.

Watu

Anza na mstari mmoja wa mwendo, kutoka kichwani hadi kisigino, kabla ya kufikiria nguo. Kwenye picha yetu watoto wawili wanashika ncha za turubai na kuzikunja kuelekea katikati. Miili yao imelalia nyuma kwa sababu kahawa ni nzito. Wa tatu amechuchumaa akikusanya kwa viganja vyote viwili. Mama ameachanisha miguu, ameshika mdomo wa gunia kwa mikono iliyopanuka, na kichwa chake kimegeukia wingu. Kama kazi yako ni kulima, angalia kwamba mwanamke anayelima kwa jembe la mpini mfupi huinama kutoka nyongani, miguu ikiwa karibu imenyooka na mgongo bapa ukielekea kulingana na ardhi. Wachoraji wengi humkunja mgongo kama upinde, na mkulima hugundua mara moja.

Ngozi yetu kwenye jua la alasiri huchukua siena, krimsoni na oka, na kwenye kivuli huchukua buluu ya anga. Usitumie kahawia moja kwa wote.

Na hapa nasema kwa msisitizo: chora mabati yenye kutu, dumu la manjano, ndoo ya plastiki na shati la sare ya shule lililofifia. Picha za soko la watalii huviondoa vitu hivi na kuacha nyumba za nyasi na vivuli vyeusi mbele ya jua jekundu, hadi mtoto wa mkulima akizitazama haoni kwao. Dumu la manjano lilikuwa mkononi mwako kila jioni, na tena manjano yake ni nafasi nzuri ya kuweka rangi kali kwenye kona iliyopoa.

Kwa waliokulia kwingine

Kigezi, ukungu wa asubuhi hulala mabondeni, hivyo miguu ya vilima huwa myeupe na vilele huwa na giza, na matuta ya mashamba hukupa mistari tayari ya kuonyesha mzunguko wa kilima. Ankole, lichore kundi la ng'ombe kama umbo moja la kahawia nyekundu kwanza, kisha utoe pembe kwa rangi iliyopauka, ukikumbuka kwamba pembe hizo ni nene kwenye shina lake na hupanuka kwanza kabla ya kupanda. Teso, ardhi ni tambarare na anga huchukua theluthi mbili za picha. Maksai na plau huleta mstari mrefu wa mfuo unaoweza kuivuta picha yote. Kwenye miteremko ya Elgon kahawa ni ya arabika, nayo mara nyingi humenywa na kuoshwa kabla ya kuanikwa, kwa hiyo mikeka yake ina punje za rangi ya krimu na haina wekundu niliouelezea.

Kumaliza, kukausha na kuhifadhi

Ukihisi picha imekaribia, igeuze iangalie ukuta kwa siku kadhaa, kisha uitazame ikiwa juu chini. Maeneo yenye uzito usio sawa yatajitokeza. Akriliki hukolea kidogo inapokauka, kwa hiyo sehemu za mwanga huenda zikahitaji mguso wa mwisho. Weka mguso huo mahali pamoja tu: kwenye mabati yanayorudisha mwanga, au kwenye bega la mtoto aliye karibu na jua.

Halafu mwonyeshe mmoja wa waliokuwepo, na usimweleze lolote kabla hajaongea. Akiuliza "kuku wako wapi?", fikiria kuku. Akisema upande wa jua si sahihi, rudi kwenye ramani yako mlinganishe pamoja.

Picha ya akriliki inaweza kupakwa vanishi baada ya kukauka kabisa, yaani baada ya siku chache. Ya mafuta isubiri miezi sita au zaidi kulingana na unene wa rangi. Usiitundike ikigusa ukuta wa saruji wakati wa mvua, kwa sababu unyevu huleta kuvu nyuma ya kitambaa. Bandika vipande vidogo vya kizibo kwenye kona za fremu ili hewa ipite. Kagua mbao za fremu mara kwa mara dhidi ya mchwa, na usiiegemeze picha sakafuni hata kwa usiku mmoja katika nyumba yenye historia ya mchwa. Nyuma ya turubai andika kwa penseli jina la kijiji, kazi iliyochorwa, msimu na saa, majina ya waliokusaidia kukumbuka kama wamekubali, mwaka ulipoichora, na aina ya rangi na praima uliyotumia, kwa kuwa atakayeikarabati siku moja atahitaji kujua.